Nguo Kwenye Mfuko wa Taka

Wiki ya kwanza tu, Kiralee alinipiga kichwani kwa chupa ya sosi ya nyanya. Nilikuwa nageuza soseji, sikumwona anakuja. Nikaona nyotanyota, nikashika ukingo wa jiko, na kitu kizito kikawa kinanichuruzika shingoni.

Mume wangu Clarrie alikuja mbio, akaganda mlangoni. "Damu, Noreen!"

"Sosi," nikamwambia. Nikajipapasa, nikatazama vidole. "Na damu."

Mtoto mwenyewe, miaka tisa, alikuwa juu ya kiti na shingo ya chupa mkononi, anangoja nimrudishie. "Nipige basi!" akanipigia kelele. "Nipige, bibi kizee mwoga!"

Sikumpiga, na msidhani ni upole. Upole ninao wapi? Nimezaliwa hapahapa Cobar, mji wa migodi wa Australia, nyumba ya kaka watano, wote wachimba shaba, na ngumi niliijua kabla ya alfabeti. Lakini kwenye mafunzo ya walezi tuliambiwa wazi: mtoto wa kulea humpigi, humbani chini, humfungii mlango. Mimi na Clarrie tulikubali kwa midomo yetu wenyewe. Basi nikafunga mikono nyuma, nikamwambia ashuke, soseji zinaungua. Akashuka. Akala zake, akala na zangu.

Aliyetuletea alikuwa Renae, dada wa ustawi wa jamii, mwembamba, ana macho ya mtu asiyelala. Msaada aliokuwa nao ulikuwa wa kila aina. Kulikuwa na kikundi cha walezi kila Jumatano kwenye ukumbi wa kanisa, mtaalamu wa kuongea na mtoto, simu ya kupiga saa yoyote ukizidiwa. Kulikuwa na wikiendi ya mapumziko pia, yaani mtoto anakwenda kwa mlezi mwingine ili wewe upumue. Nilivikataa vyote.

"Mimi si mgonjwa, Renae. Nimelea wanaume wa mgodini, leo nishindwe na kitoto?"

Kitoto kikanishinda. Alimng'ata Clarrie mkono mpaka nyama ikaning'inia. Alipasua kioo cha bafuni kwa kichwa chake mwenyewe, akanicheka huku damu inamwingia machoni. Siku moja alinirushia kisu cha mkate, kikapita sikioni, kikagonga friji. Hospitali walituzoea, na polisi walikuja kuuliza. Bosi wa Renae akasema basi, imetosha: mlezi akikanyaga hospitali tena, mtoto anahamia kwenye nyumba ya zamu kule Sydney, wafanyakazi wanaingia na kutoka, hakuna wa kumwita wake.

Mimi nilimpenda. Ndiyo, nilimpenda, cheka ukitaka. Asubuhi alikuwa anawaimbia kuku wangu kwa sauti ndogo akidhani hakuna mtu, na alilala chini ya kitanda amevaa helmeti ya zamani ya Clarrie ya mgodini. Nilikuwa napita mlangoni kwake kusikiliza kama anapumua.

Baada ya kisu, Renae alinikalisha jikoni. "Mama, tazama uso wako kwenye kioo. Wikiendi moja tu. Beryl yuko mji wa jirani, Nyngan, amelea watoto wagumu kuliko huyu. Ijumaa anakwenda, Jumapili yuko hapa."

Nilikuwa na jicho moja limefumba kabisa kwa ngumi ya juzi yake. Nikakubali kwa shingo upande.

Nilimwambia Kiralee mwenyewe, ana kwa ana. Hakupiga kelele. Aliuma mkate wake uliopakwa Vegemite, akasema, "Poa." Wiki ile yote alikuwa kama mtoto wa mtu mwingine. Alikula maharage ya kijani. Alipiga mswaki bila kuambiwa. Nikajisifu moyoni kwamba, eh, tumefika.

Ijumaa asubuhi nilikuwa uani naanika mashuka. Clarrie akasema atamfungia mtoto nguo. Sanduku letu la pekee lilikuwa limekufa zipu. Basi mzee wangu, kwa nia njema kabisa, akaingia chini ya sinki, akachomoa mfuko mweusi wa taka, ule mkubwa, mpya. Alikunja kila kitu vizuri, unajua alivyo msafi. Akaufunga fundo, akauweka barazani, karibu na pikapu.

Nilisikia kioo cha kwanza kikivunjika, nikatupa mashuka.

Kiralee alikuwa juu ya boneti na wili spana, mikono yote miwili, anapiga kioo cha mbele. Kikaingia ndani chote. Akaruka chini, akavunja taa, moja, ya pili. Clarrie akamkimbilia, "Wee! Gari yangu!" na ile spana ikamkuta gotini. Alianguka kama gunia, akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane.

"Nilikula maharage!" mtoto anapiga, mlango unabonyea. "Nilipiga mswaki! Sikumpiga mtu! Wiki nzima sikumpiga mtu!"

Akanyanyua spana juu ya kichwa cha Clarrie. Nikaingiza mkono. Nilisikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu, halafu maumivu yakaja yote pamoja, nikapiga magoti kwenye vumbi jekundu na kutapika chai. Akanipiga tena, begani. Nikamtukana, Mungu anisamehe, matusi ya mgodini yote.

Hapo ndipo Renae alipofika kumchukua. Alishuka kwenye gari akiwa anakimbia tayari, kisha akasimama ghafla. Hakututazama sisi. Alitazama barazani.

"Nani kaweka nguo zake kwenye mfuko wa taka?"

"Mimi," Clarrie akasema kutoka chini. "Kwani vipi? Ni mpya."

"Jamani, Clarrie! Kila nyumba iliyomfukuza ilimtoa na mfuko kama huo! Wanamwambia wikiendi tu, harudi! Si tuliwafundisha?"

"Somo hilo nilitoka kuvuta sigara," Clarrie akasema kwa sauti ndogo.

Nakwambia, hasira niliyopata siku ile sijawahi kuipata. Nilijikokota mpaka barazani, mkono unaning'inia, nikauvamia ule mfuko kwa meno. Nikauma, nikavuta, nikaurarua kama mbwa. Fulana, chupi, gauni la manjano, vyote vikamwagika vumbini.

"Hakuna anayekwenda!" nikapiga kelele, plastiki mdomoni. "Unasikia? Hakuna anayekwenda popote!"

Kiralee akaja mpaka usoni kwangu, spana juu. "Mwongo! Wote mnasema hivyo! Mwongo!"

"Nipige basi," nikamwambia. "Nipige umalize, uingie ndani. Nguo zako zinachafuka."

Alipiga nguzo ya baraza. Akapiga, akapiga, vipande vya mbao vinaruka, mpaka viganja vikachubuka na spana ikamponyoka. Akakaa juu ya nguo zake. Sikumshika. Nilikaa karibu, nikamwaga machozi na makamasi.

Renae alikuwa kwenye simu. Alipokata, uso ulikuwa mweupe. "Bosi anasema aondoke leo. Mkono umevunjika, mama, siwezi kuficha."

"Nani kakuomba ufiche?"

"Nitaulizwa tumewasaidia nini. Niseme nini? Ulikataa kila kitu."

Kumeza kile kiburi kuliniuma kuliko mkono. "Sema nimekubali vyote. Jumatano nitakwenda, nitalia mbele ya wale wanawake na keki zao. Mtaalamu aje, alale hapa akitaka. Ile simu yenu nitaipiga mpaka mnichoke. Lakini huyu hatoki nyumbani."

"Na mapumziko? Lazima mpumzike, bila hilo bosi hakubali."

"Nimesema huyu hatoki!"

Renae akatafakari. "Basi mtatoka nyinyi. Beryl atakuja kukaa hapa."

Alipiga simu tena, akabishana akitembea barabarani huku na huko mpaka sauti ikamkauka, na mwisho akanionyesha dole gumba.

Plasta ya mkono ilipokauka na pikapu ikapata kioo kipya, Beryl alikuja, mama mmoja mpana, zamani aliendesha baa. Mimi na Clarrie tulikuwa twende Dubbo siku mbili. Nilipoingia chumbani kufungasha, Kiralee alikuwa ameshatangulia. Alikuwa na mfuko mweusi wa taka, anashindilia nguo zangu ndani kwa ngumi, hakunji, anapiga tu. Soksi, sidiria, gauni la kanisani.

"Nenda na huu," akanisukumizia tumboni. "Uone."

Clarrie akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

Nilibeba. Njia nzima ulikuwa mapajani, unachakarika kila tukipita shimo. Pale hotelini Dubbo kijana wa mapokezi aliutazama, akanitazama mimi na plasta yangu, akauliza kama nina mahali pa kukaa. Nilimwachia Clarrie aongee, nikaenda kulia chooni.

Jumapili tulirudi. Beryl alikuwa barazani na bandeji kwenye paji la uso, anakunywa chai. "Mtoto mzuri sana," akasema. "Teke lake si la kawaida, lakini mtoto mzuri."

Kiralee alikuwa amekaa getini. Nikashuka. Akanipiga ngumi ya tumbo, ya kweli, nikainama.

"Mmechelewa!"

"Tulisema jioni, na bado mchana, mshenzi wewe!"

Akaninyang'anya mfuko. Akauburuza mpaka chumbani kwetu, nami nyuma yake nimeshika tumbo. Alifungua fundo kwa meno, akaanza kutoa nguo zangu moja moja na kuzirudisha kwenye droo. Alipomaliza akaukunja ule mfuko mdogo kabisa, akatoka nao, nikasikia kifuniko cha pipa la nje kikibamizwa.

Soksi alikuwa ameziweka kwenye droo ya Clarrie. Zipo humo mpaka leo.