Mtungi Uliobaki Kisimani

Zamu ya kutoa tafakari ilimwangukia Wakio wiki ile ya Kwaresima ambayo Injili yake ni ya mwanamke Msamaria. Jumuiya yao pale Sagalla hukutana Jumatano jioni nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma mapema Injili ya Jumapili, na mwenye zamu akaeleza neno hilo linagusa vipi maisha ya kila siku. Wakio aliisoma akiwa kwenye kigoda mlangoni, kidole kikifuata mstari, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Yesu amechoka, ameketi kisimani, anaomba maji. Wanaongea. Kisha mwanamke anakwenda mjini kuwaita watu, na mtungi wake anauacha pale pale.

Hapo kidole kikasimama. Kwa nini aliuacha?

Mwaka mwingine swali hilo lingempita. Lakini nyuma ya nyumba, chini ya gata linaloshusha maji ya paa, ilikuwa imepangwa mitungi ya plastiki ya njano ya Nthenya, mke wa mwanawe, imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa, vifuniko vimefungwa kamba visipotee. Nthenya mwenyewe alikuwa Voi kwa dada yake tangu mwezi uliopita. Aliondoka na mtoto wake Ndulu, na nguo, na hata mwiko wake wa ugali. Mitungi aliiacha.

Walikosana kwa ajili ya maji. Bomba la kijiji lilikuwa limekauka siku nyingi, na Nthenya akamwogesha mtoto kwa beseni lililojaa. Wakio akasema, tena mbele ya wanajumuiya waliokuja kusali, kwamba huko kwao Ukambani labda maji hulala nje ya mlango yakimngoja mtu aamke. Watu wakacheka, maana ukame wa Ukambani unajulikana. Nthenya hakucheka. Asubuhi akaita bodaboda. Alexander, mumewe, anafanya kazi kwenye mashamba ya migomba huko mbali Mboghoni, na kila akipigiwa simu jibu lake lilikuwa, "Mama, hayo ni yenu wawili."

Wakio alitaka mkaza mwana wake arudi. Ila hakujua hiyo mitungi aielewe vipi. Huku Sagalla, mtungi ulio kwenye foleni ya bomba ni sawa na mwenyewe kusimama pale. Hata akienda shambani, nafasi yake hailiwi. Kwa hiyo mtungi uliobaki ni wa mtu anayerudi. Lakini mtu anayehama naye huacha asichokitaka tena. Kumfuata mtu aliyekwisha kukata shauri ni kujitafutia aibu ya pili, na Wakio alitaka kujua kwanza.

Basi akaanza kuuliza watu habari za yule Msamaria.

Alimkuta katekista Geoffrey akifagia kanisa. "Mtungi ni dhambi zake, mama," alisema Geoffrey. "Alizitua pale."

"Dhambi za kutekea maji?"

"Ni mfano, mama."

"Najua ni mfano. Mimi nauliza mtungi."

Ngina mwenye duka, mtu wa Murang'a, hakuhitaji kufikiri. "Mama Alexander, huyo alisahau tu. Mimi nikipata habari tamu naacha hata sufuria motoni. Sasa wewe umekutana na mgeni kisimani, anakutajia waume zako, utakumbuka mtungi?" Alicheka, halafu akaegemea kaunta. "Lakini hii yako si ya Biblia. Hii ni ya Voi."

"Nipimie sukari, Ngina."

"Nakupimia. Kisha uende ukamuulize mwenyewe."

Kesho yake Wakio alishuka Voi, Injili yake imo ndani ya mfuko wa sukari. Alimkuta Nthenya kwenye kibanda cha dada yake nyuma ya soko, akisukuma chapati, Ndulu amelala kwenye kreti lililotandikwa leso. Nthenya alimsalimia kwa heshima, akampa stuli, akaendelea kusukuma.

"Jumatano ni zamu yangu," Wakio alianza. "Kuna kitu kimenishinda. Yule mwanamke wa kisimani, mtungi aliuachia nini?"

Nthenya alimtazama, akapima kama anataniwa. "Si yule mtu aliomba maji?"

"Aliomba."

"Na hakuwa na kitu cha kutekea. Sasa mama wa watu angeondoka na mtungi, yeye angekunywa na nini?"

Geoffrey hakuliona hilo, wala Ngina, wala Wakio mwenyewe na kidole chake.

"Na yako je?" aliuliza. "Umeniachia mitungi."

"Wewe unao mmoja, mama, nao unavuja mshononi. Bomba likifunguliwa ungeenda na nini? Hasira nilikuwa nayo, tena nyingi. Lakini singekuacha bila maji."

Kumbe mitungi haikuwa imesema atarudi, wala haikusema harudi. Wakio aliona hana njia nyingine ila kuuliza. "Utarudi?"

Nthenya aligeuza chapati, akaibonyeza pembeni. "Yale maneno uliyasema mbele ya watu."

"Niliyasema."

"Na watu wenyewe ndio hao wa Jumatano."

Wakio alishusha pumzi. "Nitayafuta mbele yao. Kabla hatujasoma."

"Nikiwa nimekaa pale."

"Ukiwa umekaa pale."

"Basi Jumatano nitakuja. Kulala, nitaamua nikishasikia." Akafuta unga kwenye kanga, akanyoosha mkono. "Kwani mwishowe alikunywa?"

"Nani?"

"Yesu. Aliomba maji. Alipewa?"

Wakio alifungua mfuko wa sukari, akatoa Injili. Vichwa viwili viliinama juu ya ukurasa, Nthenya akisoma kwa sauti ya chini, akiacha alama za unga pembeni. Wanafunzi wakarudi na chakula, mwanamke akaenda, watu wakaja.

"Hawajaandika," Nthenya alisema. "Na hata chakula amekataa, ona hapa."

"Mtu hajanywa maji, chakula kitapita wapi?"

Nthenya alicheka mpaka Ndulu akaamka. Mteja mmoja alikuwa amesimama mlangoni akingoja chapati, na hakuna aliyemwona.