Waya Uliosukwa Kinyume

Katika mtaa wote wa Buyenzi, Bujumbura, hakukuwa na mkono uliosuka waya wa dinamo kama wa Sikuzani. Kazi alifundishwa na mumewe, na mume alipouawa katika vurugu za mwaka tisini na tano, mjane alibaki na vifaa vyake na mtu mmoja wa kumwegemea: Faris, mwenye duka mtaa wa Asiatique, aliyekula sahani moja na marehemu tangu utotoni.

Nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo, miwani ya mafundi ya kukinga macho ikaadimika. Watu wa gereji wakawa wanafika zahanati na chembe za chuma machoni, na daktari hana cha kuwatolea. Sikuzani akachukua kipande cha chuma laini, akakichonga ncha, akakizungushia waya wa shaba mara mia nane, akauunga na betri ya gari. Umeme ukipita, chuma kinageuka sumaku, ukikatwa, kinaachia. Faris alielezwa yote, hakufichwa kitu.

"We baki na kazi yako, shemeji," alisema. "Mi nitaipeleka kwa docteur."

Wiki tatu baadaye, redio ya jirani ikaleta sauti ya Faris: "Hii sumaku ya macho niliwaza peke yangu, nikaitengeneza kwa mikono hii. Marehemu rafiki yangu hakuacha mutu wa kujua hiyo kazi."

Kuibiwa sumaku, Sikuzani angestahimili. Lakini kufutwa, tena kwa jina la mumewe!

Siku ya nne Faris akaja mbio, jasho linamtiririka. "Shemeji, iliungua, nikaisuka upya. Sasa inapata moto tu, haivute. Na Bahizire wa gereji ana chuma mu jicho tangu jana!"

Sikuzani alitaka kumfungia mlango. Akamfikiria Bahizire, akajitanda mtandio, akaenda zahanati.

Mbele ya daktari aliufungua ule waya. Nusu ya mizunguko ilikwenda kulia, nusu kushoto.

"Tazama, docteur. Hizi zinapigana. Nguvu ya huku inaua nguvu ya huku. Mwenye kusuka hivi hajue anachosuka."

Daktari akamgeukia Faris. Faris akainamia viatu vyake.

Sikuzani alisuka upya, mizunguko yote upande mmoja, hadi adhana ya alasiri. Daktari akaisogeza ncha kwenye jicho, swichi ikabonyezwa, na chembe ikarukia chuma. Bahizire akashusha pumzi. "Asante, mama."

Nje, Faris alimshika mkono. "Nisamehe, shemeji. Ilikuwa maneno ya redio tu."

"Apana. Shemeji yangu alikuwa rafiki ya bwana yangu. Wewe sikujue."

Redio haikusahihisha neno. Miezi ikapita, na mgonjwa akitoka zahanati utamsikia akisifu sumaku ya Faris. Sikuzani husikia hayo akiwa kazini, na mikono yake husita kidogo kabla ya kuendelea.