Uwanja Mtupu wa Ihumwa

Sostenes, bwana ardhi, aliondoa kitambaa cha kufumwa kilichofunika kompyuta mpya ya ofisi, akakikunja vizuri, akapuliza vumbi. Yotham alikuwa kwenye benchi, kofia magotini. Alikuwa ametoka Ihumwa kwa miguu kuja kuuliza kwa nini shamba lake amepewa mwekezaji wa zabibu.

"Shikamoo, mzee. Sogea uone mwenyewe. Hapa ndipo unaposema pako. Uwanja mtupu."

"Marahaba. Hiyo ni tembe yangu," alisema Yotham. "Paa lake ni udongo. Ukiitazama kwa juu utaona nini kama si udongo?"

"Setilaiti haidanganyi, mzee."

"Na tembe yenyewe nilishaibomoa. Siku hizi nina nyumba ya bati, inang'aa mpaka dereva wa treni anafumba macho. Bati liko wapi hapo? Picha hii ya lini?"

"Ya sasa. Si unaona naifungua sasa hivi?"

Pembeni mwa uwanja palikuwa na kitone cheusi. Sostenes alisema ni kichuguu. Yotham alisogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Lilikuwa dungu la kuamia ndege, na juu yake alikuwa amesimama Edina, mkewe, kombeo mkononi, uwele umeiva pande zote.

Edina alikufa kabla bati halijanunuliwa. Siku alipozidiwa, gari la hospitali lilizunguka Ihumwa mchana kutwa, dereva akishikilia kwamba kwenye ramani yake upande ule hakuna watu. Wenye ramani hata mazishini hawakuja.

"Huyu ni mke wangu," alisema Yotham, kama mtu anayetambulisha mgeni rasmi.

"Sawa, mzee," alisema Sostenes. Akaichapa picha kwenye karatasi, akaigonga muhuri kwamba ni sahihi.

Wakubwa wakishasema jambo ni sahihi, nchi haina budi kujipanga. Asubuhi iliyofuata Yotham aliamka na vumbi la dari machoni. Bati halikuwepo. Matofali aliyoyachoma kwa mikono yake hayakuwepo. Alikuwa amelala ndani ya tembe, na nje uwele ulikuwa umesimama kupita kimo cha mtu, ingawa majirani wote walishavuna. Juu ya dungu Edina alirusha jiwe, ndege wakapaa.

"Umelala sana, baba Erica," alisema. "Ndege hawakungoji wewe."

Jirani yao Ruthu alipita na ndoo kichwani. "Mbukwa, Yotham! Mke amerudi, bati limekwenda. Tukupe pole au hongera?"

"Nipe zote."

Ruthu alimsalimu Edina, akamdai chungu alichomwazima kabla ya msiba. Edina alimwonyesha kilipo.

Kabla wiki haijaisha Sostenes alifika na vibarua waliobeba mawe ya mipaka. Alikunjua picha, akaigeuza, akatazama tembe, uwele, dungu.

"Mnaona?" aliwaambia vibarua kwa furaha. "Inafanana kila kitu. Watu wanalalamika bure."

Edina alishuka, akampa uji. Sostenes aliunywa wote, akashukuru, akaamuru jiwe moja lisimikwe ndani ya nyumba, karibu na mafiga.

"Mwambie picha yake imepitwa na wakati," Edina alimwambia mumewe. "Mwambie una bati."

Sostenes alisikia. Hakuwa na roho mbaya, alikuwa na wakubwa tu. "Mzee, haki yako ipo. Omba picha mpya ipigwe. Ikija, bati lako litaonekana, mwekezaji atatafutiwa kwingine. Ila vya picha ya zamani vitaondoka."

"Omba," alisema Edina. "Ardhi ya baba yako hii. Mimi nilishazikwa."

Yotham alimtazama. Makapi ya uwele yalikuwa yamemnasa nyweleni.

"Ulipokuwa unaumwa hawakukuona," alisema. "Leo unaonekana, halafu nikufute mimi?" Akamgeukia Sostenes, mgongo umenyooka. "Picha yenu iko sawa. Hapa ni uwanja mtupu."

"Ahsante kwa ushirikiano, mzee."

Mwekezaji alijenga ukuta, akapanda mizabibu. Palipo na uwele haikushika, wakaacha. Kwenye kompyuta ya ofisi pameandikwa jina la kampuni, na picha ni ileile. Wenye kazi ya kuibadili hawajapata nafasi. Mlinzi humfungulia Yotham geti kama mgeni, humpa Edina shikamoo yake, hufunga.

Wakubwa huja na magari kutazama ardhi iliyokuwa imekaa bure. Wakipita, vibarua wote husimama na kuvua kofia. Yotham huwa amekaa chini ya dungu, anamwokotea mkewe mawe ya kombeo. Hasimami.