Mlio Nyuma ya Ukuta wa Mbao

Hebu niambie, umewahi kusoma kwa sauti huku ukihisi kuna mtu anakusikiliza upande wa pili wa ukuta, na mtu huyo mlishamzika?

Ndivyo alivyokuwa kitindamimba alasiri ile, insha yake ya Kiingereza mkononi. Chuo cha uuguzi kiliitaka kabla ya jua kuzama. Ikichelewa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Dada yake ndiye aliyemfundisha kuandika. Hata alipougua na kulala chumba cha pili, nyuma ya mbao, hakuacha. "Soma nisikie," husema. Sentensi mbili zikikaa kama wageni wasiosalimiana, hugonga ukuta kwa kidole: ngo! "Hapo umeruka mtaro, bibi wee. Weka daraja!" Daraja ni neno la kuunganisha: hata hivyo, kwa mfano, baada ya hapo, yote kwa Kiingereza. Likikaa vizuri, sikio hupita bila kujikwaa.

Sasa chumba kile kilikuwa na godoro lililokunjwa na sare nyeupe ya uuguzi kwenye msumari, kola bado ngumu kwa wanga.

Kitindamimba akasoma. Dada yangu aliugua. Baada ya hapo, tulimuuguza. Hata hivyo, alifariki. Kwa hiyo, nataka kuwa muuguzi.

Ngo!

Panya, akajisemea. Akafuta "kwa hiyo", akaweka "kwa sababu hiyo". Akasoma tena.

Ngo!

Akaweka "ndiyo maana". Ngo! Safari hii mbao ilitetemeka, na vumbi jembamba likamwagika sakafuni.

"We mwana!" mama akaita kutoka kwenye cherehani. "Unagonga nini? Au umerudi na nyundo za gereji ya mjomba wako? Hebu nione kucha. Muuguzi gani ana grisi?"

"Si mimi, mama."

Cherehani ikanyamaza. Mama akaja, uzi ungali mdomoni, akatazama ukuta. Alimuuguza mwanawe miezi mingi upande ule; mlio ule hakuhitaji kuambiwa ni wa nani.

"Soma," akasema taratibu.

Kitindamimba akasoma. Ngo.

Mama akakaa chini palepale sakafuni. "Amegonga wapi?"

"Kati ya kufa kwake na uuguzi. Nimebadilisha daraja mara mbili, hataki."

"Huyu hakuwahi kugonga bure." Mama akautoa uzi mdomoni, akauzungusha kidoleni mpaka ncha ya kidole ikageuka nyeupe. "Ile sare niliishona na kuitundika mimi, nikakupimia kwa macho. Sikukuuliza. Haya, nakuuliza sasa."

Nyuma ya mbao kulikuwa kimya, kimya cha mtu aliyezuia pumzi asikie vizuri.

"Mama, naogopa wagonjwa. Nilikuwa nikiingia mle natetemeka. Mimi nataka kuwa fundi wa injini."