Baiskeli Kiwanjani kwa Lwakatare

Mteremko wa mwisho wa kuingia Bukoba ulimtoa jasho Mushumbusi kuliko vilima vyote vya kutoka Kanazi. Baiskeli ilibeba mikungu minne ya ndizi na ilikuwa na breki ya upande mmoja, na hiyo moja nayo ilikuwa ya kubembelezwa. Ikabidi ateremke kwa miguu, ameing'ang'ania kwa nyuma, visigino vikichimba kokoto. Kazi hii ya kupeleka ndizi sokoni alikuwa ameifanya tangu baiskeli ikiwa mpya. Sasa rangi ilikuwa imebaki kwenye kengele tu.

Leo alikuwa na haraka. Kesho ilikuwa Jumatano, siku ya sindano ya mama yake. Mama huyo, Bibi Kokuhirwa, alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa dawa zote za majani, na dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, alikuwa ameagiza sindano kumi, kila Jumatano na Jumamosi bila kukosa. Alikwisha kuchomwa saba. Akiruka moja, dresa alisema, hizo saba zimekwenda bure na wataanza upya. Zahanati ilikuwa mbali, maili sita, na bibi mwenyewe hata jikoni alifika kwa kushika ukuta. Alipelekwa nyuma ya baiskeli, amemkumbatia mwanawe kiunoni. Bila baiskeli hakuna sindano.

Baiskeli haziruhusiwi ndani ya soko. Watu wote wa kutoka vijijini walikuwa wakiziegesha kwenye uwanja wa nyasi ulio kando, na hakuna aliyewahi kuuliza uwanja ule ni wa nani. Leo Mushumbusi aliukuta umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa Kiingereza. Mushumbusi alisoma kwa Walutheri mpaka darasa la tatu, akajua Kihaya na Kiswahili, Kiingereza hakikumfikia.

Kwenye kibaraza cha duka lake lililo jirani alikaa Lwakatare, mnunuzi wa kahawa, mtu wa Izigo aliyetajirikia mjini. Mapajani alikuwa na kikapu kidogo cha amwani, ile kahawa yetu iliyochemshwa na kukaushwa ya kutafuna.

"Egesha, tata, egesha tu," alisema, akimwita baba kwa Kihaya, akamsogezea kikapu. "Karibu."

Mushumbusi alipiga goti kidogo, akapokea punje tatu kwa mikono miwili, akashukuru. Alifurahi, kusema kweli. Tangu lini tajiri wa mjini akamkumbuka msukuma baiskeli?

Ndizi hazikumpa shida. Kufika saa tano zilikuwa zimekwisha, ingawa bei ilikuwa ya kuuma. Alilipa ushuru wa soko, akanunua chumvi, mafuta ya taa na kitambaa cheupe cha kufungia kidonda. Vitu vyote vimepanda bei, ndizi peke yake ndiyo imekaa kitako. Mfukoni alibaki na shilingi mbili na nusu.

Aliporudi kiwanjani alikuta gurudumu la nyuma limefungwa mnyororo na kufuli. Pembeni alisimama mlinzi, Shaban, mtu mwembamba wa pale mjini, ana kitabu cha risiti na penseli nyuma ya sikio.

"Shilingi mbili, mzee."

"Za nini?"

"Za kuegesha. Kiwanja kina mwenyewe siku hizi. Ni cha Bwana Lwakatare, ana cheti."

"Lwakatare ndiye aliyenikaribisha! Kanipa amwani kwa mkono wake."

"Mimi nimepewa kufuli na kitabu," alisema Shaban, bila ubaya wowote. "Habari za amwani sikupewa."

Angeweza kulipa. Hilo lisemwe wazi, maana baadaye wapo waliomlaumu. Lakini kulipa leo ni kulipa kila siku ya soko, na hiyo ni karibu nusu ya pato lake lote. Tena kulikuwa na jambo lililomchoma zaidi ya fedha. Kwa Mhaya, aliyekupa kahawa mlangoni pake amekwambia wewe ni mgeni wake. Nani amemtoza mgeni? Mushumbusi aliona ana haki mkononi kabisa, safi kama sahani iliyooshwa, na mtu akiona hivyo huwa hashikiki.

Akaenda ofisi ya mji. Karani alikaa chini ya picha ya malkia mpya wa Waingereza, ananoa penseli. Alimsikiliza huku ananoa.

"Hicho ni kiwanja cha mtu binafsi. Sisi hakituhusu."

"Lakini cheti wanasema kimetoka hapa hapa, bwana."

"Cheti ndiyo. Kiwanja siyo." Akapuliza vumbi la penseli. "Kama una shauri, nenda barazani kwa hakimu. Leo wanakaa. Ada ya kufungua shauri ni shilingi mbili."

Mushumbusi alisimama nje ya ofisi ile kwa muda, ameshika chupa ya mafuta ya taa. Shilingi mbili kule, shilingi mbili huku. Alijiambia kwamba akishinda, ada itarudishwa, na alasiri atakuwa njiani. Akapiga moyo konde, akaenda akalipa, akabaki na senti hamsini.

Barazani alikaa kwenye benchi tangu saa sita hadi saa tisa na nusu, akisikiliza kesi za mbuzi na za wake waliotoroka. Hatimaye aliitwa. Lwakatare naye alikuwa amefika, amevaa koti, na hakimu, Mhaya mwenzao mwenye miwani, alimpa kiti.

"Sema," hakimu alimwambia Mushumbusi.

"Waitu, mheshimiwa, mimi siwezi kudaiwa pale. Nilikuwa mgeni. Mwenye kiwanja aliniita, akanipa amwani, nikala mbele yake. Aseme kama ni uongo."

Alisema kwa sauti, akageuka kuwatazama waliokuwa kwenye mabenchi. Wazee wawili waliitikia kwa kichwa kumkubali. Akapata moyo.

"Bwana Lwakatare?"

"Ni kweli kabisa, waitu." Lwakatare alisema kwa upole. "Nilimpa, akala. Sikutaka kulitaja mimi, lakini kwa kuwa amelisema mwenyewe, basi. Kibao kiko pale, kimeandikwa bei na masharti. Sisi Wahaya tunajua, watu wawili wakila kahawa pamoja wamepatana. Kama hakukubali masharti yangu, kwa nini alikula?"

Wazee waliacha kuitikia.

"Kibao ni cha Kiingereza!" Mushumbusi alisema.

"Ulimwuliza mtu akusomee?"

"Hapana, lakini..."

"Hukuuliza." Hakimu aliinama akaandika, akitamka kila neno polepole: "Mdai amekiri kwamba alikula kahawa ya mwenye kiwanja. Patano lilikuwapo." Akainua uso. "Utalipa shilingi mbili. Baiskeli itabaki pale mpaka ulipe, na kila siku itakayolala ni mbili nyingine."

"Waitu, wao ndio walioifunga! Nitaiondoaje?"

"Shauri limekwisha. Anayefuata."

Mushumbusi aliona aibu kuliko hasira. Ni mdomo wake mwenyewe uliomfunga, na kwa jambo ambalo mama yake alimfundisha kuwa ni heshima. Mlangoni Lwakatare alimshika bega.

"Ungeniomba tu, tata, ningekusamehe. Sasa umenileta barazani mbele ya watu."

Barabarani alikutana na jirani yake Celina, anarudi Kanazi na kapu tupu kichwani. Alimsimulia kwa maneno machache. Celina aliguna, akatoa senti thelathini zake, akazirudisha alipoona hazifai kitu.

"Twende basi, tutembee. Giza litatukuta njiani."

"Wewe nenda. Chukua hiki kitambaa, umpe mama." Alitaka kuishia hapo, lakini alimjua mama yake: alfajiri atakuwa amekwisha kuoga, amevaa gauni la kanisani, amekaa mlangoni anasikiliza kengele ya baiskeli. "Mwambie kesho asivae."

Celina akakitia kitambaa kapuni, akaenda.

Mushumbusi alirudi kiwanjani. Zilikuwa zimebaki baiskeli mbili, yake na nyingine isiyo na tairi. Akavuka mawe meupe, akaketi chini kwenye nyasi, akaegemeza mgongo kwenye gurudumu lililofungwa.

"Mzee, unafanya nini?" Shaban aliuliza.

"Nimeegesha."

"Usinitafutie maneno. Bwana akikuona..."

"Kiwanja si kina bei? Basi niandikie na mimi."

Shaban alitazama dukani, ambako taa ilikuwa imekwisha kuwashwa. Yeye naye alikuwa amechoka, amesimama pale tangu alfajiri kwa mshahara ambao hakupenda kuutaja. Akakifungua kitabu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hapa kuna baiskeli, kuna mkokoteni, kuna mzigo," alisema. "Mtu hayumo."

"Andika mzigo."

Shaban akalowesha penseli kwa ulimi. Aliandika: mzigo mmoja, senti hamsini. Akaichana karatasi kutoka kitabuni, na Mushumbusi akaipokea kwa mikono miwili.