Matunguu Yaliyochanua Chini

Seremala alipanda matunguu yote ya maua kichwa chini. Maisha yake yote, kitu chenye ncha kilielekezwa chini, kikagongwa, kikaingia; hakuona kwa nini ua lipewe heshima kuliko msumari. Mkewe alimwachia kazi hiyo asubuhi moja tu, kwa sababu mgongo ulikuwa ukimuuma.

Bustani yao ilikuwa nyuma ya nyumba, mahali pa bondeni, na maji hayakuwahi kukauka humo. Mwenye papara angesema hapamei kitu. Lakini mke wa seremala alikuwa ameizoea ardhi ile kama mtu anavyomzoea mkwe mkorofi. Aliinua matuta, akatia konzi ya mchanga mtupu katika kila shimo ili tunguu lisioze, na pembeni, palipokuwa tope tupu, alipanda mimea ya majani mapana inayopenda kulowa, ambayo huchanua mwaka hata mwaka bila kubembelezwa. Maua ya mwaka huu yalikuwa na mwenyewe. Yalikuwa ya mwanawe wa pekee, ambaye hakuwa na kaburi la kuwekewa maua.

Kijana huyo na wenzake walikuwa wakichimba mtaro ng'ambo ya ua wao, wakati kampuni ilipokuwa ikikausha kinamasi ili ijenge nyumba. Jioni moja kuta za mtaro ziliporomoka. Kesho yake kampuni iliufukia kwa tingatinga na kutangaza kwamba hapakuwa na mtu ndani. Wasioonekana, ilisema, wameacha kazi. Mama alilia hadi sauti ikamkauka, na tangu hapo alilia bila sauti.

Mvua zilipita na matuta yakabaki matupu. Mama alipiga magoti akafukua tunguu moja. Mizizi ilikuwa juu, timutimu kama nywele za mtu aliyetoka kulala, na bua lilikuwa limekwenda chini, nene, la kijani, halina mwisho. Akalivuta. Huko chini mtu naye akalivuta, polepole, kama asemaye hiki nimepewa mimi. Mama akaomba radhi, akafukia.

"Mzee," alimwambia mumewe, "umepanda kichwa chini."

"Si ncha huenda chini?"

"Ya msumari."

Seremala aliinama. "Basi nimeharibu."

"Hujaharibu. Yamefika."

Jioni ile mwana wao alikuja. Alisimama bustanini, tope hadi magotini, sepetu begani, ua jekundu limechomekwa kwenye tundu la kifungo. Alikuwa amekonda. Mama alimletea maji, akanywa yote.

"Maua tunayapata, mama. Asante. Huko ni giza, lakini yanaonekana."

"Njoo ndani, mwanangu. Kitanda chako kipo."

"Nimechomoka mara moja tu. Bado tunachimba."

"Mnachimba nini tena? Mtaro umefukiwa."

"Filimbi haijalia. Msimamizi alisema hakuna kutoka mpaka apulize filimbi, na hajapuliza. Wenzangu wamechoka mno. Mwambie, labda amesahau."

Asubuhi mama alimwendea msimamizi, kwenye nyumba mpya zilizonuka rangi mbichi. Hakuwa mtu mbaya. Alimfuata hadi bustanini, akapiga magoti na suruali yake safi, akalishika bua. Likavutwa. Alikaa nalo mkononi kwa kitambo.

"Ni wao," alisema. "Sikatai."

"Basi wapulizie wapumzike. Sitaki kingine. Sitakushtaki, wala sitamwambia mtu."

Filimbi ilikuwa shingoni mwake. Aliigusa, akaitumbukiza ndani ya shati.

"Mama yangu, nikipuliza nimekiri kwamba wamo. Na nyumba zimeshauzwa."

Alijipangusa magoti, akayasifu matuta, akauliza kama angeweza kupata kidogo ile mimea ya topeni, mkewe angeipenda. Mama alimng'olea kipande chenye mizizi, kwa kuwa mgeni hanyimwi. Alipoondoka, mama alijichukia kwa kumpa.

Watu walihamia nyumba mpya. Walikuwa watu wema, walisalimia. Walilalamika kwamba sakafu zinagongwa kwa chini kutwa nzima, kisha wakanunua mazulia.

Ndipo seremala naye akanunua filimbi. Alipiga magoti kwenye matuta, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alipoishiwa pumzi mkewe akaipokea. Majirani walichungulia, wakafunga madirisha. Jua lilipokuwa linazama mwana wao akatokea.

"Tumeisikia," alisema. "Wengine walishaanza kuweka sepetu chini."

"Tokeni basi," mama alisema. "Tokeni, mwanangu, nakusihi."

"Lakini si ya msimamizi. Ya msimamizi tunaijua."

"Ni baba yako aliyepuliza!"

Kijana alimtazama baba yake kwa huruma. "Nyumbani ningemsikiliza baba. Kazini ni msimamizi."

Seremala ndiye aliyemfundisha hivyo, asubuhi kijana alipoanza kibarua: mwanamume haachi kazi kabla hajaruhusiwa. Alifungua kinywa ayafute maneno yale, lakini mwanawe alikuwa ameshawaaga kwa adabu, ameshageuka, na tope lilikuwa limemfika kiunoni.