Maombi Yaliyojibiwa Majuu

Msiniambie Mungu hasikii maombi. Sisi wa kanisa la mabati hapa Mowlem, Nairobi, tulimwomba mwaka wa tisini na nne, akajibu upesi mpaka tukaaibika.

Nianze na mtoto. Nasambu aliachwa kwenye benchi la nyuma kanisani, amefungwa leso, hata kutambaa hajui. Afisa wa watoto akatafuta mtu wa kumlea kwa muda, na mchungaji wetu Patrobas akanitaja mimi. "Dada Celine hana shughuli nyingi nyumbani," alisema. Maana yake Celine hajazaa. Niliyameza hayo kwa sababu mtoto alikuwa ameshanishika kidole na haachii. Mume wangu Phares, kibarua wa kiwanda kimoja Industrial Area, akampa jina la nyanya yake marehemu. Nikamwambia, wewe, mtoto wa muda hapewi jina la ukoo. Akaniuliza basi tumwite nani, Mgeni?

Mtoto akatambaa, akasimama, akaanza kugombana na kuku wa jirani, hadi akafika miaka minne. Tukaenda kuomba awe wetu kabisa. Ofisini wakasema kwa kuwa Phares hana kazi ya kudumu, lazima mtu wa heshima anayetujua aje atusemee. Nani tena kama si mchungaji? Nikapanda hadi kwake Komarock na kilo mbili za sukari. Akapokea sukari, akakataa neno.

"Dada Celine," akasema, "ukichukua mtoto wa mwingine utakuwa umemwambia Mungu kwamba umechoka kungoja. Subiri tumbo lako. Hiyo ndiyo imani."

Sasa sikieni. Mwezi haujaisha, wakaja wazungu wawili, mtu na mkewe, Erik na Birgit, kutoka Uswidi au Uswisi, sijui, Mama Roseline wa kanisani alitaja zote mbili. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, wakataka kumchukua Nasambu. Na mchungaji yule yule akapanda madhabahuni akahubiri saa nzima kwamba kumchukua mtoto wa mwingine ndio upendo wa Kristo wenyewe. Phares alinikanyaga mguu nisije nikasimama.

Nilitaka kumchukia yule mama. Haki nilijitahidi. Lakini alivua viatu mlangoni pangu bila kuambiwa, akala ugali kwa mkono na mchuzi ukimchuruzika hadi kwenye kiwiko, na alipompakata Nasambu alilia kimya kimya, vile nililia mimi siku ya kwanza. Nikamwambia mtoto, huyu ndiye mama, mimi ni auntie. Wakamwachia sweta nene la sufi, wakasema wakimaliza mambo ya kortini watarudi kumchukua.

Jumapili yao ya mwisho ndipo tulipojiharibia. Mama Roseline ni mwenyekiti wa akina mama, na katika kanisa letu mwanamke asiye na mtoto haondoki hivi hivi. Ni desturi, ni kama kumwacha mgeni aende bila chai. Wakampigisha Birgit magoti, wakampaka mafuta, wakamwekea mikono kichwani na tumboni, wakakemea utasa kwa Kiswahili, kwa Kibukusu na kwa lugha za mbinguni. Maskini akatabasamu tu, akidhani anaagwa.

"Hawa wanaomba nini?" Phares akaninong'oneza. "Si amekuja kuchukua mtoto?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Maombi hayajawahi kumdhuru mtu. Mimi wameniombea tangu unioe, na hakuna kilichobadilika."

Miezi ikapita. Nasambu akawa maarufu. Vijana wa ploti walimsalimu, "Niaje, mtoi wa majuu," yaani mtoto wa ng'ambo, naye anaitika na sweta lake la sufi katikati ya jua kali, jasho linamtiririka. Halafu siku moja akaja Lorine, yule dada wa ustawi wa jamii aliyekuwa akishughulikia mambo yetu. Akakaa kwenye stuli, chai hakugusa. Birgit ana mimba. Chama cha kwao kilichokuwa kikisimamia jambo lile hakimpi mtoto mtu anayetarajia wake. Faili imefungwa.

Mama Roseline alikuwapo. Akapiga vigelegele kwanza, virefu, hadi majirani wakatoka. Kisha akamwona Nasambu mlangoni na sweta lake, akaziba mdomo kwa mkono.

Mimi moyo uligawanyika. Nusu yangu ilicheza kwa furaha kwamba haendi, nusu ikamwona mtoto anavyokimbia nje kila gari linaponguruma, ikataka kufa. Nilimkasirikia Mungu waziwazi, kwa sauti, nikiosha sufuria. Nikamwambia, mimi umeninyima, sawa, nimezoea. Huyu amekukosea nini? Lakini usiku nilipiga magoti vile vile, maana nani mwingine ningemlilia?

Nasambu akaniuliza kwa nini hawaji. Sikutaka kumdanganya.

"Yule mama amepata mtoto tumboni."

Akafikiri. "Ni kwa sababu aliombewa?"

"Wanasema hivyo."

Alivua sweta, akalisukuma chini ya kitanda.

Kanisa nalo halikuona aibu hata kidogo. Mchungaji akatangaza kwamba nguvu zimedhihirika, mafuta ya chupa ile yamefika hadi Ulaya, na sasa ni zamu ya dada Celine. Nikapiga magoti mbele. Ndiyo, nilipiga. Mwanamke aliyengoja kama nilivyongoja hakatai. Mikono ikanijaa kichwani, Mama Roseline akanishika tumbo, kanisa likaanza kuvuma.

Nikahisi kitu kinasukuma katikati yetu. Nasambu. Aliing'oa mikono ya Mama Roseline mmoja mmoja, akanilalia tumboni, akalifunika kwa mwili wake wote.

"Msimwombee huyu," akasema. "Yule mlimwombea akaniacha. Huyu akipata wake, mimi nitapelekwa kwa nani?"

Mama Roseline akaketi sakafuni na kitambaa chake cha kichwa kimeenda upande. Mchungaji alikuwa bado ameinua chupa.

"Mtoto," akasema kwa upole, "ndugu ni baraka. Wewe hujui tu."

Nikainuka na Nasambu akiwa amening'ang'ania, mafuta yakinishuka hadi kwenye kola. "Baba Mchungaji," nikasema, "Mungu akitaka kunipa mwingine, mlango anaujua, nami nitampokea. Lakini imani ya kumngoja asiyekuwapo huku huyu anatetemeka mikononi mwangu, hiyo siiwezi. Ukitaka kuniombea, njoo kesho ofisini unisemee."

Akaifunga chupa. Nikajua hatakuja. Usiku kucha Phares alinituliza akisema tutatafuta chifu, tutatafuta hata bosi wake, mtu yeyote mwenye tai.

Lakini alikuja. Alichelewa, amevaa suti ya harusi za watu, Biblia kwapani, akaketi kando yetu bila kutuangalia. Afisa akamhoji. Anatujua? Anatujua. Phares mlevi? Sio mlevi. Mimi ni mtu wa namna gani? Hapo akakohoa, akasema nina mdomo, lakini ni mtu wa kweli.

"Na huyu mama ana watoto wangapi?" afisa akauliza, kalamu tayari.

Nikainamisha kichwa, kwa sababu jibu lake nilikuwa nimelisikia miaka yote. Mchungaji Patrobas alimtazama Nasambu, aliyekuwa amelala mapajani pangu mdomo wazi.

"Mmoja," alisema.

Nikalia pale pale mbele ya afisa, na sikuona haya.